Nakojoa dakika tatu, na UTI haiishi

Shikamoo daktari,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda hapa Mbagala. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa hiyo nisamehe nikitaja vitu vibaya.

Shida yangu ni haja ndogo. Nikienda kukojoa, mkojo hautoki. Nasimama, nasubiri, mpaka nijikamue kama mtu mwenye choo kigumu ndipo uanze. Ukianza hauna nguvu, mwembamba kama uzi, na siku nyingine unachanika mara mbili: mmoja unaenda kwenye tundu, mwingine unakuja kwenye kiatu. Nikidhani nimemaliza, nikifunga zipu, matone yanaendelea. Suruali za kaki nimeacha kuvaa. Msikitini nako nimepunguza, maana nikishatawadha tone linatoka, sijui udhu upo au haupo.

Vyoo vya kulipia ndiyo mateso. Nikiingia, wa nyuma wanagonga mlango. Juzi jamaa mmoja akasema, "Huyu kalala humo," habari ikafika kijiweni wakacheka mpaka jioni. Siku hizi sinywi maji mchana ili nisibanwe nikiwa na abiria. Lakini usiku naamka mara tatu, nne.

Ilianza kidogo kidogo mwishoni mwa 2023. Duka la dawa nimeenda sijui mara ngapi. Nikisema mkojo unachoma napewa sipro, au vile vidonge vitatu vya azithromaisini. Napata nafuu wiki mbili, inarudi. Mara moja nilipimwa mkojo wakakuta usaha, nikachomwa sindano siku tano. Wameniambia nina UTI sugu. Mwaka huu nikanunua dawa ya mizizi kwa mzee mmoja, chupa ya lita moja na nusu, akasema inasafisha njia na kuongeza nguvu. Iliniongezea safari za chooni tu.

Nikueleze na mengine usije ukasema nimeficha. Mwaka 2019 nilipata kisonono. Rafiki alinielekeza vidonge, usaha ukakauka, sikurudi kupima. Na utotoni kule Ikwiriri tulikuwa tunaoga kwenye madimbwi ya mashamba ya mpunga, tukawa tunakojoa damu wengi tu, wakubwa wakituambia ndiyo mnakuwa wanaume. Baadaye walikuja shuleni kutugawia dawa. Halafu 2022 niliteleza na pikipiki kwenye mchanga nikatua vibaya kwenye tangi. Ilitoka damu kidogo mbele, tone tone, na chini pakawa peusi kama wiki. Nilinunua diklofenaki ikapita.

Sasa shemeji yangu kaniambia hii ni tezi dume, baba yake ilimwanza hivi hivi. Kwa umri wangu inawezekana? Nimeposa, harusi ni baada ya Iddi. Na mbegu siku hizi hazirukii, zinachuruzika. Nitazaa kweli? Mchumba nimwambie?

Naomba usitaje jina langu.

Bodaboda, Mbagala

*

Marahaba, mdogo wangu.

UTI umeiandikia aya nzima, pikipiki umeipa sentensi tatu pale mwishoni. Mimi naanza na hizo tatu, hasa ile ya damu. Damu kutoka mbele, kwenye tundu la uume, baada ya kuumia kati ya miguu: ungefika nayo mapokezi ya hospitali siku ile, wangekulaza kitandani na kuita mtu wa upasuaji. Wewe ukaenda kununua dawa ya maumivu. Sikulaumu, wengi hufanya hivyo, kwa sababu siku ya tatu maumivu yanaisha na mtu anarudi barabarani kutafuta hesabu ya bosi.

Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu mpaka nje, kwa mwanaume mzima, una urefu wa kama sentimita 20. Unatoka kibofuni, unapita katikati ya tezi dume, unashuka mpaka msambani, yaani pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kisha unapinda kuingia kwenye uume. Kipande cha msambani ndicho unachokikalia ukiwa kwenye pikipiki. Juu yake kuna mfupa wa kinena. Mtu akitua kwa uzito wake wote kwenye tangi, mrija unabanwa kati ya chuma na mfupa, unachanika kwa ndani. Nje huoni kidonda. Unaona matone ya damu, na weusi.

Kidonda hicho kilipona, na kilipona kama vidonda vyote, kwa kovu. Kovu la gotini linakuvuta ngozi kidogo tu, huna habari nalo. Kovu lililozunguka mrija linajikaza kuelekea ndani, taratibu, kwa miezi au miaka, na njia inazidi kuwa finyu. Ndiyo maana ulianguka 2022 na shida ikaja mwishoni mwa 2023, na ndiyo maana hukuunganisha hayo mawili. Mkojo kuchanika mara mbili, kujikamua, matone baada ya kufunga zipu: bana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani uone maji yanavyofanya.

Ningekuwa mtu wa kubeti, hela yangu ningeiweka hapo. Ila nisingeweka yote, maana kile kisonono cha 2019 nacho kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kisichotibiwa sawasawa huacha uvimbe ndani ya mrija, na uvimbe huo huacha makovu, mara nyingi marefu kuliko ya kuanguka. Usaha kukauka hakumaanishi vijidudu vimeondoka. Inawezekana vyote viwili vimechangia. Picha ndiyo itasema.

Shemeji yako hakukosea dalili. Njia ikibanwa, dalili zinafanana, awe anayebana ni tezi au kovu. Alichokosea ni umri. Tezi dume kila mwanaume anayo tangu kuzaliwa, lakini kuvimba kwake kwa uzee ni mambo ya kuanzia miaka 40 na kwenda mbele, na wengi huanza kulalamika wakiwa wamevuka 50. Kijana anaweza kupata maambukizi ya tezi hiyo, ni kweli, ila huyo huja na maumivu ya msamba, maumivu wakati wa kutoa mbegu, na akipatwa ghafla huja na homa kali. Barua yako haisemi hivyo.

Sasa hiyo UTI sugu. Hili jina linaniudhi, nikiri. Limekuwa kama kabati la kutupia kila kitu. Mwanaume wa miaka 27 akipata maambukizi ya mkojo mara moja, mtibu. Akirudi mara tatu, acha kuandika dawa na umuulize kwa nini. Kwako wewe jibu liko wazi: kibofu hakimalizi mkojo. Mkojo unaobaki unatuama kama dimbwi, na kwenye dimbwi vijidudu vinazaliana. Sipro inaua waliopo, dimbwi linabaki, wiki mbili baadaye wapo wengine, na hao wapya wameshaizoea sipro. Kwa kisonono ndiyo kabisa, kimelea chake kimeshaishinda sipro sehemu nyingi duniani, ndiyo maana miongozo ya matibabu ilihamia kwenye sindano ya seftriaksoni. Hiyo nafuu ya wiki mbili ni ya kweli, na ndiyo iliyokuchelewesha.

Kabla hujaenda hospitali nifanyie kitu kimoja nyumbani. Tafuta chombo chenye alama za mililita, hata kikombe cha kupimia cha jikoni ambacho hakitarudi jikoni. Ukibanwa kawaida, kojolea humo huku saa ya simu inahesabu. Andika sekunde na mililita. Fanya mara tatu, siku tofauti. Watafiti wa chuo kimoja cha Georgia, Marekani, walitangaza mwaka 2014 kwamba wanyama wenye uzito zaidi ya kilo tatu, kuanzia mbuzi mpaka tembo, humaliza kukojoa kwa wastani wa sekunde 21. Tembo, na kibofu chake chote! Wewe unaniambia dakika tatu. Tuseme umetoa mililita 300 kwa dakika mbili na nusu: hiyo ni mililita 2 kwa sekunde. Kijana mzima, pale mkojo unapokuwa na kasi kuliko pote, hupita mililita 15 kwa sekunde. Karatasi yenye namba hizo mpe daktari kabla hujafungua mdomo. Itakuondolea nusu ya aibu, na itamwondolea hamu ya kukuandikia sipro.

Usirudi duka la dawa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, huko kwenu ni Temeke, uombe kuonwa na daktari wa upasuaji, au wakupe rufaa ya kliniki ya mfumo wa mkojo Muhimbili. Wasomaji wa kaskazini mna KCMC pale Moshi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha madaktari wa fani hii. Kanda ya Ziwa mna Bugando. Ukifika, maneno yako ya kwanza yawe: "Nilianguka na pikipiki 2022 nikatoka damu mbele, sasa mkojo umekuwa mwembamba." Ukianza na "nina UTI", utatoka na dawa za UTI.

Watapima mkojo, na waombe wauoteshe ili ijulikane ni kijidudu gani na dawa gani inakiweza. Watapima damu kuangalia figo na sukari, na VVU. Watafanya ultrasaundi ya figo na kibofu, halafu watakuambia ukakojoe urudi wakupige tena, waone umebakiza kiasi gani. Kisha kipimo chenyewe hasa: unalala kiubavu, dawa inayoonekana kwenye eksirei inasukumwa polepole kupitia tundu la mbele, unapigwa picha. Inakera, inaweza kuchoma kidogo, ni ya dakika chache, na hakuna kisu. Kwenye picha ile mrija unaonekana kama barabara, na pale penye kovu inakuwa kichochoro.

Kichocho cha Ikwiriri tusikisahau. Wakubwa waliowaambia kwamba damu ni uanaume waliwapotosha. Yale yalikuwa mayai ya mnyoo yakitoboa ukuta wa kibofu ili yatoke. Dawa mliyogawiwa shuleni bila shaka ni prazikwanteli, na ni dawa nzuri, lakini kama uliendelea kurudi majini baada ya kumeza, uliweza kuambukizwa upya. Chenyewe hupenda kuumiza kibofu na mirija inayoshuka kutoka kwenye figo kuliko kipande cha msambani, na alama yake ni damu mwishoni mwa mkojo. Pima. Mkojo wa kipimo hiki utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Wengi hupeleka mkojo wa alfajiri, wanaambiwa hawana kitu.

Kingine, hukuniambia kama unatafuna mirungi. Sikuulizi kama polisi. Naijua kazi ya usiku. Mirungi inakaza shingo ya kibofu, na kule Yemen, ambako watu hutafuna kila alasiri, ilipimwa ikaonekana kweli kasi ya mkojo inapungua. Haitengenezi kovu, ila juu ya kovu inaongeza tatizo. Kadhalika baadhi ya vidonge vya mafua, vile vya kuzibua pua na vya kukausha makamasi.

Tuje kwenye tiba. Hapa ndipo vijana wanapotezwa, kwa hiyo nisikilize. Hakuna kidonge wala mzizi unaoyeyusha kovu. Ziko njia tatu. Ya kwanza na ya kizamani ni kupanua kwa vyuma, kuanzia chembamba kwenda kinene. Ya pili ni kuingia na kamera ndogo na kulikata kovu kwa ndani. Ya tatu ni upasuaji wa wazi msambani: kovu fupi linaondolewa kabisa na ncha mbili zinashonwa pamoja, kovu refu linawekewa kiraka kinachochunwa ndani ya shavu. Ndiyo, shavu la mdomoni. Ngozi ya mle imezoea kukaa na majimaji, haioti nywele, na jeraha lake hupona upesi. Siku za mwanzo utakunywa uji na kulalamika.

Kukata kwa kamera ni kwepesi, unalala siku moja au mbili na unarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa siku chache. Kama kovu ni fupi, chini ya sentimita 2, liko msambani, na ni mara ya kwanza, si vibaya kujaribu. Lakini yanarudi, na kwa wengi. Likirudi, usikubali kukatwa mara ya pili na ya tatu na ya nne kwa matumaini yale yale, kwa sababu kila kukata ni jeraha jipya na kila jeraha ni kovu jipya, refu zaidi. Nimeona wanaume waliopanuliwa miaka kumi, kila miezi michache, mpaka wanakijua chumba cha upasuaji kama sebule yao. Upasuaji wa wazi ni mkubwa, unakaa na mpira wiki mbili mpaka tatu, lakini mikononi mwa aliyeuzoea, kati ya watu kumi, wanane au tisa wanapona. Muulize daktari waziwazi: "Wewe umefanya nyingi?" Daktari mzuri hakasiriki. Na bosi wako mwambie mapema, maana hutapanda pikipiki kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na mkataba hauna huruma.

Kuzaa. Mbegu zinachuruzika kwa sababu zinapita kichochoro kile kile. Korodani zako hazihusiki, kiwanda kinafanya kazi, barabara ndiyo mbovu. Njia ikifunguliwa, wengi hurudi vizuri. Baada ya upasuaji wapo ambao uume hulegea kwa miezi michache, kisha hurejea. Ujue hilo kabla ili lisikupeleke tena kwa mzee wa chupa.

Mchumba mwambie. Kwanza kwa sababu ya 2019: nendeni wote mkapime kisonono, kaswende na VVU, kabla ya nikaha, na kama mmeshakutana kimwili, akikutwa nacho atibiwe pamoja nawe. Pili, atalala karibu na mtu anayeamka mara nne usiku, atauliza. Bora aambiwe "nina kovu kwenye njia ya mkojo tangu nianguke" kuliko akabuni mwenyewe. Harusi kusogezwa mwezi mmoja au miwili kwa ajili ya matibabu si aibu, nayajua mambo makubwa zaidi ya hilo yaliyosogeza harusi, ukumbi ukiwamo.

Kuhusu matone: ukimaliza, weka vidole nyuma ya korodani, bonyeza kwa upole ukivuta mbele, mkojo uliobaki kwenye kona ya mrija utatoka. Na udhu, muulize imamu wako. Mwenye udhuru wa matone ana hukumu yake, usiache sala. Maji kunywa. Kujinyima kunaufanya mkojo kuwa mzito na unachoma zaidi.

Siku ukikojoa hata tone lisitoke na tumbo la chini limejaa kama ngoma, usisubiri asubuhi. Nenda mapokezi ya dharura na uwaambie kuna kovu, ili asitokee mtu wa kulazimisha mpira kwa nguvu. Ukigoma kuingia, wanaweza kutoa mkojo kwa kutoboa juu ya kinena, na hiyo ni salama. Vilevile ukipata homa na kutetemeka, au uvimbe wenye maumivu msambani. Na mtu yeyote akikuambia ataingiza kitu kukuzibua nyumbani, ondoka hapo.

Kwa kijana mwingine anayesoma haya na hajawahi kuanguka wala kuugua kisonono: wewe njia yako ni tofauti. Kuna shingo ya kibofu isiyofunguka vizuri, hutokea kwa vijana na mara nyingi huitwa maambukizi ya tezi bure. Hiyo ina vidonge vya kuilegeza. Kuna kuumia mgongo, kuna kisukari, kuna mawe. Na kuna wale ambao chooni nyumbani mkojo unaruka vizuri, ila mtu akisimama jirani unagoma kabisa. Hao mrija wao ni mzima, na hutibika kwa mazoezi ya kuzoea taratibu.

Mdogo wangu, ukishapigwa ile picha niandikie tena. Uniambie wameandika kovu liko wapi na lina sentimita ngapi, ndipo tuongee kamera au shavu.